Maswali ya wasomaji: kwa nini watu waliovumilia miaka mingi wanalipuka siku moja?

Safari hii barua nyingi zimekuja na jambo moja, maandamano na ghasia za wananchi dhidi ya wenye mamlaka, zinaanzaje, nani anaziwasha, kwa nini nyingine zinaangusha serikali na nyingine zinaishia kwenye makaburi. Nimechagua chache, majina nimeyatoa kama wenyewe walivyoomba.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi nasoma historia chuoni. Kinachonisumbua ni hiki, watu wanakaa na shida zao miaka ishirini thelathini kimya kabisa, alafu kinatokea kitu kidogo tu na nchi nzima inawaka. Sasa ni kile kitu kidogo ndo kilisababisha au kuna kingine?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ngoja nikupeleke kwenye tukio ambalo wengi tunalikumbuka lakini tunalisimulia nusu nusu. Tarehe 17 Disemba 2010, mji wa Sidi Bouzid nchini Tunisia, kijana wa miaka 26 anaitwa Mohamed Bouazizi alikuwa anauza matunda kwa mkokoteni, maofisa wa manispaa wakamnyang'anya bidhaa na mizani yake. Hapo ndo watu wanarukia moja kwa moja kwenye moto. Lakini katikati kuna kitu kilitokea na mimi naona ndo chenyewe hasa. Bouazizi alikwenda ofisi ya gavana kulalamika, anataka tu wamrudishie mizani yake, na hakuna aliyekubali kumsikiliza. Ndo akajimwagia mafuta na kujichoma pale pale nje ya ofisi. Alifariki tarehe 4 Januari 2011, na siku kumi baadae Rais Ben Ali, aliyekaa madarakani miaka 23, alikuwa ameshapanda ndege kukimbilia Saudi Arabia.

Kunyang'anywa bidhaa lilikuwa jambo la kila siku kwa wachuuzi, halikuwa geni. Kilichowauma watu ni kwamba mtu kaonewa, kafuata njia ya haki, kaenda mpaka mlangoni kwa mkubwa, na mlango ukafungwa.

Sasa ukishalishika hilo, soma ghasia nyingine uone linavyojirudia. London Agosti 2011, polisi walimpiga risasi na kumuua Mark Duggan tarehe 4, na siku mbili baadae ndugu, jamaa na majirani walikwenda kituo cha polisi cha Tottenham kwa amani wakitaka ofisa mkubwa atoke awaeleze nini kimetokea, wakasubiri masaa na masaa, jibu la maana hakuna, usiku ule magari ya polisi yakaanza kuwaka na ndani ya siku chache fujo zikafika miji mingine ya Uingereza. Rudi nyuma zaidi, Urusi, Januari 1905, wafanyakazi wa St. Petersburg wakiongozwa na padri Gapon walitembea kuelekea kasri la mfalme wakiwa wamebeba picha za watakatifu na picha za mfalme mwenyewe, yaani walikuwa wanakwenda kwa baba yao kumwomba. Wanajeshi wakawafyatulia risasi. Mwaka ule ule Urusi ikaingia kwenye mapinduzi ya kwanza.

Kwa hiyo shida ya miaka mingi ndo inajaza watu hasira, hilo halina ubishi, lakini ukitafuta kilichowatoa ndani utakuta mara nyingi ni JIBU walilopewa pale walipokwenda kuuliza. Dharau inauma kuliko njaa. Mtu mwenye njaa anaweza kuwa bize anatafuta chakula, hana muda na wewe. Mtu aliyedharauliwa mbele za watu halali.

Na kuna jambo la pembeni hapo hapo Sidi Bouzid. Ilienea habari kwamba ofisa wa kike alimzaba Bouazizi kofi. Yule dada alikana, na mwezi Aprili 2011 alitoka mahabusu baada ya kesi kufutwa. Lakini miezi ile yote nchi nzima iliamini lile kofi kwa sababu kila mtu alikuwa ana kofi lake analolijua. Uvumi ukifanana na maisha ya watu unasafiri wenyewe.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nafanya biashara ndogo ndogo. Naona mara nyingi vurugu zinaanzia kwenye bei, mkate, mafuta, nauli. Ina maana watu maskini zaidi ndo wanaasi zaidi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hapana, ingekuwa hivyo nchi maskini kabisa zingekuwa zinapinduliwa kila wiki. Tunisia haikuwa nchi ya mwisho kwa umaskini, uchumi wake ulikuwa unakua na wakubwa wa fedha duniani walikuwa wanaisifia, ila ilikuwa na vijana wengi wenye digrii wamekaa nyumbani. Mfaransa mmoja wa karne ya 19, Alexis de Tocqueville, aliyaangalia mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 akaona kwamba wakati wa hatari kwa serikali mbovu ni pale hali inapoanza kuwa nafuu kidogo, maana watu wanaanza kuonja na kutegemea, na kile walichokuwa wanakivumilia kama amri ya Mungu wanaona kumbe kinaweza kuondoka. Ukishamwambia mtoto soma utapata kazi, akasoma, akakosa, na akaona mtoto wa mkubwa kapata bila kusoma, huyo hasira yake ni ya kuvunjiwa ahadi.

Bei ni jambo la aina hiyo hiyo. Chile, Oktoba 2019, nauli ya treni za mjini Santiago ilipanda kwa peso 30, hela ndogo tu ukiiangalia peke yake. Wanafunzi wakaanza kuruka mageti ya stesheni bila kulipa, serikali ikaleta polisi, na baada ya siku chache rais Piñera akatangaza hali ya hatari na wanajeshi wakaonekana mitaani, kitu ambacho wachile wenye umri walikikumbuka vizuri kutoka enzi za dikteta Pinochet. Waandamanaji walikuwa wanasema sio peso 30, ni miaka 30. Yaani ile nauli ilikuwa risiti tu, deni lenyewe lilikuwa pensheni, hospitali, ada, na miaka yote tangu udikteta uondoke watu wakisubiri.

Sudan nayo, Disemba 2018, mkate ulipanda kutoka pauni 1 ya Sudan mpaka 3, na mji wa Atbara ukaanza, mji wa watu wa reli wenye historia ndefu ya vyama vya wafanyakazi, tarehe 19 wakachoma ofisi ya chama tawala. Aprili 2019 Rais Omar al-Bashir akaondolewa baada ya karibu miaka 30.

Na kuna kitu cha Uingereza ya karne ya 18 ambacho nikikisoma huwa nasisimka kila mara. Nafaka ikipanda bei, watu walikuwa wanavamia ghala au soko, lakini mara nyingi hawakuiba, walikuwa wanaitoa ile nafaka, wanaiuza wenyewe kwa bei wanayoona ni ya haki, alafu zile hela wanampa mwenye mali. Hebu fikiria, umati wenye njaa unamrudishia tajiri hela zake! Wale hawakuwa wanapigania tumbo tu. Walikuwa na sheria yao vichwani, kwamba wakati wa njaa huruhusiwi kumkamua mwenzako, na waliona mamlaka imeisahau hiyo sheria kwa hiyo wameisimamia wao.

SWALI: Kila zikitokea hizi vurugu viongozi wanasema kuna watu wamelipwa, kuna mkono wa nje. Ni kweli au ni kisingizio? Naomba jibu bila kupepesa macho.

JIBU: Sipepesi. Wahamasishaji wapo, na wengine wana ajenda zao, kukataa hilo ni kudanganyana. Misri kulikuwa na vikundi vya vijana vilivyopanga makusudi kutoka tarehe 25 Januari 2011 kwa sababu ni siku ya maadhimisho ya polisi, na walikuwa wamekasirishwa na kifo cha kijana Khaled Said aliyepigwa na polisi mpaka kufa Alexandria mwezi Juni 2010. Lakini wanaharakati wa Misri walishawahi kuita maandamano mara nyingi kabla ya hapo, wanatokea watu wachache wamezungukwa na polisi wengi kuliko wao. Mwitaji ni yule yule, mwito ni ule ule, tofauti ni kwamba safari hii watu walikuwa wameona Tunisia imewezekana.

Marekani walishalichunguza hili swali rasmi. Mwaka 1967 miji mingi iliwaka, Detroit peke yake walikufa watu 43, na ilianza pale polisi walipovamia baa isiyo na leseni usiku wakitegemea kukuta watu wachache, wakakuta zaidi ya 80 wanawasherehekea askari waliorudi kutoka Vietnam, wakaamua kuwakamata wote. Rais Johnson akaunda tume chini ya gavana Otto Kerner, na moja ya kazi zake ilikuwa kuangalia kama kuna njama. Ripoti ilitoka 1968 na ilisema wazi kwamba fujo zile hazikutokana na mpango wala njama ya mtu yeyote. Walichokikuta ni mlolongo, tukio juu ya tukio kwa wiki na miezi, na mara nyingi lile la mwisho ni polisi wakifanya kazi ya kawaida tu kwenye mtaa ambao ulishachoka nao.

Ukitaka mfano wa hapa Afrika, angalia wanawake wa mashariki ya Nigeria mwaka 1929. Waingereza walikuwa wamehesabu wanaume, na baada ya kuhesabiwa ikaja kodi. Mwezi Novemba mwaka ule chifu wa kuteuliwa pale Oloko, anaitwa Okugo, akatuma mtu kuhesabu tena, akamkuta mama mmoja anaitwa Nwanyeruwa, akamwambia hesabu mbuzi, kondoo na watu wako. Yule mama akamjibu, mama yako alihesabiwa? Wakashikana pale pale. Nwanyeruwa akakimbilia kwa wanawake wenzake waliokuwa wanakutana kuhusu habari hizo hizo za kodi, wakatumiana majani ya mchikichi kijiji hadi kijiji, na ndani ya wiki chache maelfu ya wanawake walikuwa wamezingira maofisi na mahakama. Wakoloni wakafyatua risasi, zaidi ya wanawake 50 wakauawa. Niambie hapo mkono wa nje ni upi? Walikuwa na mtandao wao wa masoko na ndoa, na walikuwa wanajua kuhesabiwa maana yake nini.

SWALI: Mwandishi, hizi sifa za waandamanaji mimi zinanichoma. Miaka ya nyuma duka langu lilichomwa kwenye vurugu, na sikuwa na ugomvi na mtu. Waliochoma hawakuwa wanadai haki, walikuwa wezi.

JIBU: Pole sana mama yangu, na sitakuambia kwamba hasira ya wengine inafuta hasara yako, haifuti. Kwenye umati huo huo kuna anayelia, kuna anayeiba, na kuna ambaye asubuhi alikuwa analia na jioni anaiba.

Ila naomba nikuoneshe jinsi moto unavyochagua njia, na mara nyingi unachagua vibaya. Los Angeles, Aprili 29, 1992, mahakama iliwaachia polisi wa kesi ya Rodney King, mtu mweusi ambaye kipigo chake cha Machi 1991 dunia nzima ilikiona kwenye video. Usiku ule jiji likawaka, walikufa watu zaidi ya 60, na maduka mengi sana yaliyochomwa yalikuwa ya wahamiaji kutoka Korea. Kwa nini wao? Kwa sababu siku 13 tu baada ya kile kipigo, mwenye duka mmoja wa jamii hiyo alimpiga risasi na kumuua binti mweusi wa miaka 15 wakigombania chupa ya juisi, akakutwa na hatia na hakimu hakumpeleka jela hata siku moja. Watu wakazibeba hukumu zote mbili kifuani, na wenye maduka wengine ambao hawakumgusa mtu ndo wakalipa. Polisi nao walikwenda kulinda mitaa ya matajiri, wenye maduka wakabaki juu ya mapaa na bunduki zao. Wote walikuwa wameachwa na mamlaka ile ile, mchomaji na mchomewaji, na hiyo ndo inaniuma kuliko yote kwenye hadithi za ghasia.

SWALI: Je simu na mitandao ndo vimeleta haya?

JIBU: Hapana. Paris ya 1789 haikuwa na simu. Simu zinaongeza kasi, na zinawaonesha watu kwamba hawako peke yao. Ajabu ni kwamba kuzizima kunaweza kuwa cheche yenyewe. Nepal Septemba 2025 serikali ilifungia mitandao ya kijamii zaidi ya ishirini, wakati ambapo vijana walikuwa wanasambaza video za watoto wa viongozi wakila raha. Tarehe 8 vijana wakaingia barabarani Kathmandu, siku ile wakauawa 19, usiku serikali ikafungua mitandao lakini nani tena alikuwa anajali mitandao, kesho yake waziri mkuu Oli akajiuzulu na jengo la bunge likachomwa.

SWALI: Kwa nini sehemu nyingine serikali inaanguka ndani ya wiki, na sehemu nyingine watu wanauawa na hakuna kinachobadilika?

JIBU: Hapa kuna vitu viwili, hofu na bunduki.

Hofu kwanza. Kwenye utawala wa mkono wa chuma kila mtu anapiga makofi na hakuna anayejua jirani yake anawaza nini, kila mmoja anadhani ni yeye tu amechoka. Angalia Romania 1989. Watu wa Timișoara walianza kwa kumzunguka mchungaji László Tőkés asifukuzwe kwenye nyumba yake, wakapigwa risasi. Tarehe 21 Disemba Rais Ceaușescu akaitisha mkutano mkubwa Bucharest, watu wameletwa kwa amri na mabango yao, televisheni inarusha moja kwa moja. Akiwa katikati ya hotuba zikatoka kelele huko nyuma. Akanyamaza. Akanyoosha mkono, akabaki kama mtu aliyesahau yuko wapi, akaanza kuita alo, alo, kama mtu mwenye simu mbovu. Matangazo yakakatwa kwa muda, yakarudi, akawa anaahidi nyongeza ya mishahara. Lakini nchi nzima ilishauona ule uso. Kesho yake mchana alikuwa anaondoka na helikopta kutoka juu ya paa. Kifo cha wengi harusi, wanasema wazee, na umati unapojigundua kwamba ni wengi ndo hivyo hivyo, kilichokuwa kinamtisha mtu mmoja mmoja kinaacha kutisha.

Bunduki sasa. Petrograd 1917, yaani St. Petersburg ile ile kwa jina jipya, wanawake wa viwanda vya nguo walitoka Siku ya Wanawake kudai mkate, siku ya nne kikosi cha Volynsky kikaamriwa kufyatua na kikafyatua, watu wakafa. Usiku wale askari hawakulala, wakajadiliana, asubuhi wakagoma, wakamuua kamanda wao na kujiunga na umati. Siku tatu baadae mfalme akaachia kiti. Leipzig, Ujerumani Mashariki, Oktoba 9, 1989, watu kama 70,000 walitembea, vikosi vipo tayari, amri ya kufyatua haikutoka, na mwezi mmoja baadae ukuta wa Berlin ulikuwa wazi. Beijing, Juni mwaka huo huo, jeshi likafyatua na utawala ukabaki mpaka leo. Ujasiri wa raia ulikuwa ule ule. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama fulani ataanguka, mimi namwangalia askari wa cheo cha chini, analipwaje, anatoka wapi, na kama kwenye ule umati anaweza kumwona dada yake.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma, ofisi yangu inahusika na usalama. Sisi tufanye nini watu wasifike huko? Naomba usitutukane tu.

JIBU: Siwezi kukutukana, nimefurahi umeandika. Kuna jambo la Tunisia hiyo hiyo lakini Januari 1984. Serikali ilipandisha bei ya mkate na nafaka mara mbili, ghasia zikaenea nchi nzima, wakafa watu wengi. Tarehe 6 Rais Bourguiba akaenda kwenye televisheni mwenyewe akafuta ile bei mpya, na watu wale wale waliokuwa wanarusha mawe wakaingia mitaani wakishangilia.

Linganisha na Bangladesh 2024. Wanafunzi walikuwa wanapinga asilimia 30 ya ajira za serikali kutengwa kwa familia za wapigania uhuru, dai la kawaida kabisa la watu wanaotafuta kazi. Tarehe 14 Julai waziri mkuu Sheikh Hasina akaongea kwa namna iliyowaweka wanafunzi kundi moja na wajukuu wa Razakar, wale walioshirikiana na jeshi la Pakistan 1971, na kwa mbengali hilo ni tusi la mwisho. Usiku ule ule mabweni yakatoka. Siku mbili baadae mwanafunzi Abu Sayed akasimama mbele ya polisi huko Rangpur amefungua mikono yake, wakampiga risasi, video ikaonekana kila mahali. Tarehe 21 mahakama ya juu ikawapa karibu kila walichodai, asilimia 93 ya ajira kwa ufaulu. Umeona tarehe zilivyopishana? Jibu lile lingetolewa wiki moja kabla, wangerudi darasani. Lakini lilikuja wakati maiti zimeshazikwa, dai la ajira likawa limekufa na limebaki dai moja, uondoke. Tarehe 5 Agosti Hasina akakimbilia India.

Kwa hiyo ofisini kwako, mtu akija na mizani yake amenyang'anywa, mpokee siku hiyo hiyo. Kama huna uwezo wa kumrudishia mwambie ukweli na umpe jina la mwenye uwezo. Na mkishamwua mtu kwa makosa, mkubwa wenu atoke nje aongee na familia kabla giza halijaingia, asimtume msemaji.